Debian bila mizigo: chagua mwenyewe pakeji zinazoingia

Wadau wa Arusha na Moshi, kama una laptopu ya mtumba yenye RAM ya 4GB na intaneti yako ni bando la simu, usiinstoli Debian (mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux) kwa kubonyeza endelea endelea mpaka mwisho, utajikuta umeshusha GNOME (disktopu nzito), LibreOffice (programu za ofisi) na magemu ambayo hutayagusa. Kukataa mapema ni rahisi kuliko kuja kufuta.

Chukua faili la netinst (faili dogo la kuinstolia Debian, vingine linashusha mtandaoni), weka kwenye flashi, halafu tafuta sehemu yenye waya wa rauta hata kama ni ofisini kwa jamaa yako kule Sakina, maana wifi tutaiweka baadaye. Ukifika kwenye Software selection toa tiki kwenye Debian desktop environment na kwenye GNOME, acha standard system utilities tu. Ikiwaka utaona skrini nyeusi inakuomba jina na nywila, usishtuke, ndo tunachotaka.

Sasa hapa ndo penye mambo. Kila pakeji (programu au kipande chake) ina wenzake inaowategemea, bila hao haifanyi kazi, na ina wengine inaowapendekeza tu, ila apt ya Debian (amri ya kushusha na kuinstoli pakeji) inashusha wote. Ingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), andika apt install xfce4 (disktopu nyepesi), angalia inasema itashusha MB ngapi kisha bonyeza n. Rudia amri hiyohiyo ukiongeza --no-install-recommends uone zinavyopungua.

Ukitaka iwe hivyo siku zote, tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/99mapendekezo uandike ndani:

APT::Install-Recommends "false";

Nuktamkato ya mwisho usiiache.

Ila si kila pendekezo ni takataka, kwa hiyo ya muhimu uyataje mwenyewe:

apt install xorg xfce4 lightdm dbus-user-session network-manager-gnome wpasupplicant

Hapo xorg inaonyesha picha kwenye skrini, lightdm ni ukurasa wa kuingilia, dbus-user-session inaziwezesha programu kuwasiliana, na network-manager-gnome ni ya kuchagua mtandao. Hiyo wpasupplicant ndo inayokuwezesha kuingia kwenye wifi yenye nywila, ukiisahau utabaki umefungwa na waya. Sauti ikigoma ongeza pulseaudio (inayoendesha sauti) na pavucontrol (ya kuirekebisha).

Na wewe ambaye ulishainstoli kila kitu, tumia apt purge na jina la pakeji usiyoitaka halafu apt autoremove (inafuta zilizokuja nayo ambazo hazihitajiki tena), lakini soma orodha yote kabla ya kubonyeza y, ukiona network-manager au disktopu unayoitumia imo kwenye orodha ya autoremove bonyeza n, kisha andika apt-mark manual na jina lake, ili autoremove isiiguse, ndo uendelee.