Somo: Kuipasua 4294967297 kwa kalamu na karatasi

Wakuu, kikokotoo kiwekwe kando. Namba yetu ni 2^32 + 1, yaani 4294967297. Mwanahisabati Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537 ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zote ni za ukoo mmoja: 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha unaongeza 1. Akaamini ukoo mzima ni tasa. Hii yetu ndiyo ya sita, na mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika.

Hatua ya 1. Usianze na 7, 11, 13, utazeeka. Hadi kufika kipeuo cha pili cha namba yetu kuna namba tasa zaidi ya 6500 za kujaribu. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, kinabakiza 1. Basi orodhesha: 65, 129, 193, 257 na kuendelea hadi 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 2. Gawanya. Nne za mwanzo zinagoma. 641 inaingia bila baki, jibu 6700417.

Hatua ya 3, na hapa ndipo penye utamu: unaweza kuthibitisha bila kugawanya kabisa. 641 = 5 × 2^7 + 1, kwa hiyo 5 × 2^7 ikigawanywa kwa 641 baki ni −1, yaani imepungukiwa 1 tu kufikia 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Lakini 641 ni 625 + 16 pia, yaani 5^4 + 2^4, hivyo 5^4 ni sawa na −2^4 tukihesabu mabaki. Badilisha: −2^32 inabakiza 1. Ongeza 2^32 pande zote mbili: 2^32 + 1 haibakizi kitu.

Maswali

Mkuu, 6700417 nayo haigawanyiki?
– Haigawanyiki. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, na kanuni ya 64 bado inaibana. Jaribu 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113, basi.

Kwenye programu naona 4294967295. Ni ndugu?
– Ni jirani. Ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia kwenye biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1), na ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, wale wale watano wa Fermat! Maana yake 257 ungeiruka tu pale juu: inagawanya namba iliyo pungufu ya yetu kwa 2, haiwezi kuigawanya na yetu.

Tupe zoezi.
– Namba yetu ni 65536² + 1². Ni pia 62264² + 20449², na njia ya tatu haipo. Onyesha hiyo ya pili imetoka wapi; anza na 641 = 25² + 4² na 6700417 = 2556² + 409².