Yai la nta kama somo la Kiukreni
Mzazi wa Kiukreni anayelea watoto ughaibuni, tuseme Kanada, asianze kuwafundisha lugha kwa jedwali la herufi 33 za Kiukreni. Aanze na yai. Pysanka, yai la Pasaka linalopambwa kwa nta ya nyuki, limepata jina lake kutokana na kitenzi pysaty, yaani kuandika, na ndiyo maana Waukreni husema kwamba yai hilo huandikwa. Mtoto huchora mistari kwa nta iliyoyeyuka (mtu mzima awe karibu, maana mshumaa hauna mzaha), kisha yai huchovywa katika rangi, kuanzia nyepesi hadi nzito, huku nta ikiongezwa kabla ya kila rangi mpya: zhovtyi (njano), chervonyi (nyekundu), chornyi (nyeusi). Kila rangi itajwe kwanza, ndipo yai lichovywe. Mwishoni, nta iliyoganda juu ya yai ikishayeyushwa na kufutwa, rangi zote ilizozifunika hujitokeza pamoja, na hapo mtoto azitaje mwenyewe, bila kukatizwa kwa masahihisho.