Kabla hujapeleka watoto Guangzhou: mambo ya kuzingatia

Siku hizi wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hawaendi Guangzhou, mji wa China tunakofuata bidhaa, peke yao. Mama anafuata mzigo, na watoto nao anawabeba wakaone panda, wakapande treni ya chini ya ardhi, warudi na viatu vya kuwaka taa. Ni jambo zuri, nami nimelifanya mara tatu. Ila safari ya kwanza nusura nimpoteze mwanangu wa mwisho, na tangu siku hiyo kila mama anayeniambia anaondoka na watoto namkalisha chini kwanza. Haya ndiyo ninayomwambia. Yafanye ukiwa bado nyumbani.

Kila mtoto awe na pasipoti yake na viza yake, hata anayenyonya. Ukiwa kule tembea na pasipoti zenyewe, kwa sababu tiketi za sehemu nyingi hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na getini wanaikagua.

Mpime mtoto urefu kwa sentimita kabla ya kusafiri. Sehemu nyingi za burudani hupanga bei ya mtoto kwa urefu, na baadhi ya michezo haimpokei aliye chini ya kipimo. Bora alie nyumbani kuliko kulia pale mlangoni baada ya saa nzima ya foleni.

Guangzhou iko saa tano mbele yetu. Mtoto anayelala saa 3 usiku Dar, mwili wake utataka kulala saa 8 usiku ya kule. Kwa hiyo usikate tiketi ya asubuhi ya siku ya kwanza. Siku hiyo ni ya kulala na kuzoea.

Sasa tarehe, na hapa nisikilize vizuri. Mwaka ule nilitaka kuwahi Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou yanayofanyika tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, na ya vuli huanza 15 Oktoba. Nikafika tarehe 1, nikijua nina wiki mbili za kuzunguka viwandani. Sikujua kwamba 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa la China na kwamba watu wanapumzika karibu wiki nzima. Viwanda vimefungwa, ajenti wangu kaenda kwao kijijini. Nikasema basi, siku hizi ziwe za watoto. Kumbe na kila mzazi wa China amesema hivyohivyo.

Tulikwenda bustani moja kubwa ya burudani. Watu walikuwa wengi kama Kariakoo mkesha wa Idi, isipokuwa Kariakoo mtoto akipotea muuza karanga atapaza sauti, "Mtoto wa nani huyu?", na utamsikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Asubuhi hotelini nilimwandikia mwanangu namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino mzito, chini ya kiwiko, kuanzia +255 mpaka tarakimu ya mwisho. Nikamwambia: ukipotea, usilie, onyesha mkono. Alikuwa na miaka mitano.

Tukiwa kwenye foleni ya kigari cha kuzungusha wageni, nilimwachia mkono ili nitoe pasipoti kwenye mkoba. Lango likafunguliwa, watu wote wakasogea kwa pamoja, nikasukumwa nao. Nilipogeuka dada yake yupo, yeye hayupo.

Ilichukua saa moja na dakika ishirini. Nilikimbia nikiita jina lake, watu wananipisha na kunitazama. Mlinzi niliyemfikia hakujua Kiingereza, na programu ya kutafsiri niliyoizoea ilikuwa ya Google, ambayo kule haifunguki. Nikamwonyesha kwa mkono: mtoto, urefu huu. Kilichotuokoa ni picha. Dada yake alikuwa amempiga picha asubuhi ile akila yai hotelini, na fulana yake ya njano inaonekana yote. Mlinzi akaipiga ile picha kwa simu yake, akaituma kwa wenzake kwenye WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, na haukupita muda simu yake ikalia.

Nilimkuta kwenye chumba cha wageni, amekaa kwenye kiti cha plastiki na pakiti ya maziwa ya soya mapajani ambayo hajaifungua. Mkono wa kushoto kaunyoosha mbele, namba juu. Hakuushusha hata aliponiona. Dada wa zamu akanionyesha kwenye simu yake jinsi alivyojaribu ile namba, safu nzima ya simu zisizokwenda. Simu yake haikuwa na huduma ya kupiga nje ya nchi. Na hata ingekuwa nayo, laini yangu ya Tanzania nilikuwa nimeizima nikiogopa gharama. Mwanangu alifanya kila nilichomwambia. Mimi ndiye niliyemwandikia namba isiyopokelewa.

Kwa hiyo mama mwenzangu, fanya hivi. Ukifika, kitu cha kwanza ni kununua laini ya China; wanaisajili kwa pasipoti. Namba hiyo ndiyo ya kumwandikia mtoto, kisha mwombe mtu wa mapokezi aipige palepale, uisikie ikiita. Chukua kadi za hoteli zenye anwani kwa maandishi ya Kichina, moja mfukoni mwa kila mtoto, moja kwako. Kila asubuhi mpige mtoto picha mwili mzima akiwa na nguo za siku hiyo. Mvalishe rangi inayoonekana kwa mbali. Mfundishe kusimama palepale alipopotea, asitembee kukutafuta. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120. WeChat na programu ya kutafsiri inayofanya kazi China ziweke ukiwa Dar, na kama unategemea WhatsApp, tafuta VPN, yaani programu ya kufungulia mitandao iliyozuiwa, kabla ya safari, maana kule WhatsApp imefungwa. Alipay, programu ya kulipia kwa simu, pia ifungue mapema na uiunganishe na kadi yako ya benki. Wauzaji wengi wa vitu vidogo, maji, matunda, wanalipwa kwa simu.

Na kalenda uiangalie: epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, epuka siku za Mei Mosi, epuka Mwaka Mpya wa Kichina unaoangukia Januari au Februari. Julai na Agosti shule zao zimefungwa, joto linachosha na ni msimu wa tufani. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka Desemba hewa ni kavu na watoto wanatembea bila kulalamika.

Kuhusu mahali pa kwenda, usipange zaidi ya sehemu moja kwa siku. Bustani ya wanyama ya Chimelong iko Panyu, kusini mwa jiji, unashuka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Hanxi Changlong. Hapo ndipo walipozaliwa panda watatu kwa mpigo tarehe 29 Julai 2014, Meng Meng, Shuai Shuai na Ku Ku, na wote watatu wakakua. Tenga siku nzima. Angalia usikate tiketi ya Chimelong ya samaki na nyangumi ukadhani ni hapohapo. Ile Ocean Kingdom iko Zhuhai, mji mwingine kabisa, na kuna watu wamegundua hilo wakiwa tayari kwenye treni na watoto.

Mnara wa Canton una urefu wa mita 600. Ukiwa na watoto wadogo na siku ina mawingu, usipande, hamtaona kitu. Nendeni usiku kando ya mto, muutazame ukibadilisha rangi kutoka chini, bila kulipa, au mpande boti ya usiku ya Mto Zhujiang.

Wanangu walichokipenda kuliko vyote hakina tiketi. Ni Bustani ya Yuexiu, karibu na mtaa wa Xiaobei wanakofikia wenzetu wengi. Kuna ziwa la kupigia kasia na sanamu kubwa ya kondoo watano, iliyochongwa 1960. Wasimulie hadithi yake kabla hamjafika: mji ulikuwa na njaa, wakashuka watakatifu watano wamepanda kondoo watano, wakaleta mashuke ya nafaka, na kondoo wakageuka mawe. Mwanangu aliwahesabu mara nne. Kisiwa cha Shamian nacho kina miti mikubwa ya kivuli na barabara za kukimbilia. Makumbusho ya Guangdong hufungwa Jumatatu.

Chakula: kama hamli nguruwe, jifunze kutamka "qingzhen", yaani halali, na utafute vijiduka vya tambi za kuvuta kwa mkono vya Waislamu kutoka kaskazini magharibi. Utamwona mpishi akiuvuta unga hewani, watoto watasahau njaa wakimtazama. Maji ya bomba hayanywewi. Mgahawani mtaletewa maji ya moto hata kukiwa na jua kali, basi beba chupa yenu.

Beba karatasi za chooni kila siku, vyoo vingi vya umma havina, na vingi ni vya kuchuchumaa.

Watu watataka kuwapiga watoto wako picha, wengine watashika nywele zao. Kwa kawaida hawana nia mbaya, lakini mtoto asiyependa ana haki ya kukataa, na wewe ndiye wa kumsemea. Mwambie kabla ya safari kwamba "hapana" yake utaisimamia, naye atatulia.

Dawa za homa na kuharisha toka nazo nyumbani. Mizigo ya biashara usiichanganye na siku ya watoto, hata kama duka liko njiani. Mama anayebishana bei haangalii mtoto. Na kwenye njia za miguu, mtoto akae upande wa ukuta muda wote, wewe ukiwa upande wa barabara. Pikipiki za umeme hupita humohumo, hazina muungurumo, na husikii chochote mpaka kioo chake kikuguse kiwiko.