Namna ya Kuusoma Uwanja wa Mji wa Denmark

Msomaji wa Kampala anayetaka kuvielewa viwanja vya umma vya Denmark, awe anakwenda huko masomoni au anavitazama kwenye ramani ya simu, asianzie katikati penye sanamu. Aanze na majengo yanayouzunguka uwanja, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonyesha ulitengenezwa kwa ajili ya nani. Kule katika mji wa Aarhus, kwa mfano, uwanja wa Store Torv uko ubavuni mwa kanisa kuu, na hilo peke yake linaeleza mengi.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Gammeltorv, uwanja mkongwe kuliko yote ya Copenhagen, ambao zamani ulikuwa soko. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mfalme Christian IV aliufungua uwanja wa Nytorv nyuma ya jumba la baraza la mji. Jumba hilo liliteketea katika moto wa mwaka 1795 na halikujengwa tena pale, ndiyo maana leo viwanja hivyo viwili huonekana kama kimoja. Tazama chini unapotembea: mawe ya sakafu yamepangwa kuonyesha kuta za jumba hilo zilipopita. Kisha elekea Nytorv, kwenye jengo lenye nguzo nene. Hiyo ni mahakama iliyosanifiwa na C. F. Hansen na kukamilika mwaka 1815.

Baada ya majengo, tafuta maji. Kisima cha Caritas cha mwaka 1608, kilichoko Gammeltorv, chenye sanamu ya mama na watoto wake, hakikuwa pambo tu; wakazi walichota maji hapo, kama sisi tunavyopanga madumu bombani. Hadi leo, siku ya kuzaliwa ya mfalme, matufaha yaliyopakwa dhahabu huchezacheza juu ya maji yake.

Viwanja vya kifalme havihitaji muda mrefu. Kongens Nytorv, ulioanzishwa na Christian V mwaka 1670, na Amalienborg wenye pembe nane, vyote vina mfalme juu ya farasi, na kwa maoni yangu vinafaa kutazamwa kuliko kukaliwa.

Hatua inayochukua muda zaidi ni kuhesabu watu. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wetu Uganda, mtaa wa Strøget wa Copenhagen unaounganisha viwanja kadhaa ulifungwa kwa magari, na baadaye msanifu Jan Gehl akaanza kuandika ni watu wangapi hupita na wangapi husimama au kukaa. Fanya vivyo hivyo asubuhi na jioni katika Israels Plads, uliokuwa soko la mboga, kisha maegesho, na sasa ni mahali pa michezo huku magari yakiwa chini ya ardhi.

Asiyesafiri afanyie zoezi hilo Constitution Square ya Kampala, mbele ya Mahakama Kuu: aandike ni milango mingapi inayofunguka kuelekea uwanjani, ni nani aliyepata kivuli cha kukalia, na ni nani anayekatiza tu akiwahi taksi.