Tafuta meli kwanza, jina la nkambo baadaye

Hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, karibu kila ukoo uliotoka upande wa Tanganyika una mzee wa kusema, "Nkambo wetu alikuwa kwenye vita vya Wajerumani kule ziwani," yaani babu wa ukoo alikuwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ziwa Tanganyika. Kijana anashika simu, anaandika jina la nkambo, hapati kitu, anaacha. Ameanzia mkiani. Makarani wa Kibelgiji waliandika majina yetu jinsi masikio yao yalivyosikia, kwa hiyo jina ndilo kitu kibovu kuliko vyote ndani ya faili. Meli ina tarehe, ina bandari, ina ofisa aliyeiandikia ripoti. Shika meli.

Kwa wazee usiulize "alipigana wapi?" Uliza kazi ya mikono. Alikata kuni? Alichochea moto wa boila? Alishika bunduki? Nani alimlipa? Shangazi yangu alikuwa na jibu moja tu: "Alivuta meli ya wazungu mlimani." Watoto walicheka, lakini mama wa watu alisema kweli tupu. Mwaka 1915 boti mbili za Waingereza, zilizoitwa Mimi na Toutou, zilipita mjini kwetu, enzi hizo Élisabethville, kwa treni hadi Fungurume. Pale zilishushwa, zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia. Kisha treni hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, treni tena hadi Kalemie. Maneno machache ya shangazi yakatupa mwaka, njia na aina ya kazi: nkambo alikuwa kibarua wa barabara. Mtu wa namna hiyo usimtafute kati ya mabaharia. Mtafute kwenye karatasi za utawala wa wilaya alikoandikwa.

Halafu jihadhari, meli nazo hubadilishwa majina. Kingani ya Wajerumani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, ikawa Fifi. Alexandre Delcommune ya Wabelgiji, iliyoshambuliwa Agosti 1914, baadaye iliitwa Vengeur. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma Julai 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo mzee akikuambia nkambo alifanya kazi "ndani ya Liemba", mwulize tena kwa upole: hiyo si kazi ya wakati wa vita.

Ukishapata meli na mwaka, andika barua ya Kifaransa kwa Archives de l'État, Brussels, ambako nyaraka za Wizara ya Makoloni zimekuwa zikihamishiwa. Iwe fupi. Usisimulie maisha yote ya ukoo, mtunza nyaraka hana muda huo. Taja Force Publique, jeshi la koloni, kama alikuwa askari, meli, mwaka, kijiji, chifu wa wakati ule, jina la baba yake. Majina ya miji weka ya zamani: Albertville kwa Kalemie, Baudouinville kwa Moba. Jina la nkambo liandike kwa kila sura: Chikala anaweza kuwa Tshikala au Tchikala, Mulunda akawa Moulounda, na L ikageuka R bila sababu.

Kuna watu watakushauri ulipie faili za ADM 188 kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, Uingereza. Hizo ni za mabaharia wa Kiingereza. Kama nkambo alikuwa Mkongo, tunza fedha zako.

Mimi ningezitumia kwa nauli ya kwenda parokiani. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikuwa Mpala kando ya ziwa tangu 1885, na Kirungu, upande wa Moba, nao walikuwepo kabla ya vita. Daftari la ubatizo au la ndoa huandika baba, mama, kijiji na msimamizi. Omba ruhusa kwa paroko, piga picha ukurasa mzima badala ya mstari mmoja, maana ndugu zake wengine huenda wamo hapo hapo, juu au chini ya jina lake.