Kubadilisha betri ya Metroid II kaseti ishike tena

Metroid II: Return of Samus ya Game Boy, kile kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo, ilitoka 1991. Kaunta yake ya Metroid, viumbe unaowawinda, huanzia 39, mapango ya sayari SR388 ni marefu na ramani hamna. Ni gemu ya kurudiwa siku baada ya siku, na yote uliyohifadhi yanashikwa na betri bapa ya volti 3 ndani ya kaseti. Betri ikifa, gemu huchezeka kama kawaida, ila ukizima umerudi mwanzo.

Anza na meno, yaani vile vipande vya chuma kwenye ukingo wa kaseti vinavyogusana na Game Boy. Mombasa chumvi ya bahari huingia hata kabatini, na yale meno 32 hushika utando wa kijani. Nembo ya Nintendo ikiteremka imevurugika, au ikiwa kipande cheusi, kosa liko hapo, si kwenye betri. Yasugue kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya vidonda mara nyingi ina mafuta, iache. Wala usipulize kwa mdomo. Mate huzidisha kutu.

Kufungua kunataka bisibisi ya gamebit, ile maalumu ya skrubu za Nintendo, ya milimita 3.8. Ukitoa skrubu, telezesha kifuniko kidogo kuelekea upande wa meno ndipo ukiinue. Ukikibanua kwa kisu, ndoana za plastiki zitavunjika, na hazipatikani tena.

Pima betri kwa mita ya volti. Chini ya volti 2.5, ibadilishe. Soma namba iliyochorwa juu yake (CR1616, CR2025) ukanunue hiyohiyo, tena yenye miguu (vibati vya kuunganishia kwenye bodi) iliyokwisha kuchomelewa. Usilehemu waya moja kwa moja kwenye betri: joto huweza kuipasua. Ukiing'oa ya zamani, hifadhi zote tatu hufutika, basi kama bado inashika, malizia gemu kwanza.

Chuma cha kulehemu kiwe nyuzi 350 za Selsiasi hivi, kigusane na kila mguu sekunde mbili tatu tu. Ukikigandisha hapo, njia ya shaba hubanduka kwenye bodi. Tazama alama ya + kabla ya kuweka mpya.

Kujaribu: simama kwenye kituo cha kuhifadhi, bonyeza Start, zima, chomoa kaseti uilaze usiku kucha. Kuzima na kuwasha papo hapo hudanganya, kwani umeme uliobaki hushika kumbukumbu kwa muda mfupi hata betri ikiwa haijagusa vizuri.