Jinsi ya kununua kinyago cha mpingo Mwenge bila kuuziwa mti uliopakwa kiwi

Kama uko Dar na unataka kinyago cha kweli nenda Mwenge, uliza tu vinyago wapi utaonyeshwa. Nenda asubuhi. Mbele kuna maduka yanapendeza sana ila usiishie hapo, zunguka nyuma kule unakosikia tezo zinagonga, ndo mafundi wenyewe walipo.

Ukifika salimia kwanza, wazee wa pale wape shikamoo yao, kaa kidogo angalia wanavyofanya kazi halafu uliza hiki kachonga nani. Hili swali ni muhimu kuliko bei, maana Dar nzima tunapamba mahoteli na maofisi kwa kazi za Wamakonde alafu majina yao hatuyajui, inaniuma kwa kweli. Ukimpata aliyechonga mwombe aandike jina lake chini ya kitako, na namba ya simu uchukue, siku kikipata ufa unajua wa kumrudia.

Sasa kuutambua mpingo. Kinyanyue. Mpingo ni mzito hasa, kipande chake ukikitia kwenye maji kinazama, kwahiyo kinyago kikubwa ukikiona chepesi mkononi achana nacho. Halafu chukua tishu nyeupe uilowanishe kidogo usugue sehemu iliyojificha, ikitoka nyeusi hiyo ni rangi, na kinuse pia, kiwi ya viatu haijifichi. Kigeuze uangalie chini: weusi wa mpingo uko kwenye moyo wa mti, nje kuna tabaka jembamba jeupe jeupe, na mafundi wengine wanaliacha makusudi likae kama pambo, kwahiyo ukiona weupe usidhani umeibiwa. Nyufa ziangalie kitakoni, zile ndefu zinazopanda juu ziogope, gogo halikukauka vizuri.

Kama unachukua ujamaa, ile ya watu wamebebana wamepandana, hakikisha ni gogo moja, pitisha kidole kwenye maungio utaisikia gundi. Shetani ni kitu kingine kabisa, mtindo ambao mchongaji Samaki Likankoa ndo anatajwa kuuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1950, pale usitafute sura ya mtu, tafuta mkunjo na matundu yaliyosafishwa mpaka ndani. Ndani ndo patasi inafika kwa shida, fundi mvivu anajulikana hapo.

Bei mtapatana, ni kawaida, ila kumbuka mpingo unachukua zaidi ya miaka 70 mpaka kufaa kuvunwa na ugumu wake unamaliza makali ya chuma, mtu kakesha na tupa na msasa alafu wewe unataka umpe hela ya soda. Punguziwa kwa adabu.

Nyumbani kiweke mbali na jua na usikielekezee AC, vumbi futa na kitambaa kikavu, mara moja moja mafuta kidogo sana.

Ukibakiza hela pita Oysterbay, Morogoro Stores, pale Edward Saidi Tingatinga alipokuwa akiuza picha zake za rangi ya baiskeli kuanzia mwaka 1968 hivi, na wachoraji bado wapo. Picha ya kitambaa kabla haijakunjwa gusa pembeni kama rangi imekauka, na wakukunjie kwa kuiviringisha upande wenye rangi ukiwa nje, ukikunja kwa ndani rangi inajibana na kuvunjika.